Kuta Nne za Lobenitz

Siku ya thelathini baada ya kumzika mumewe, Ottilie von Lobenitz aliambiwa ainuke kitini, kwa sababu mto alioukalia ulikuwa mali ya shemeji yake.

"Mto ni wa upande wa kiume," alisema Balthasar, wala hakumtazama usoni. "Upanga, farasi mmoja na tandiko lake, kitanda, mto, shuka, kitambaa cha meza, mabeseni mawili na taulo. Sikuyatunga mimi hayo, shemeji. Yapo tangu babu wa babu zetu."

Ottilie aliinuka, akauchukua mto kwa mikono miwili na kumkabidhi. "Haya. Bado una joto lake."

Kwetu mjane haguswi siku thelathini. Anakaa kwake, analia, anakula. Siku ikitimia ndugu wa marehemu wanafika na mizani. Silaha na farasi vinamwendea mwanamume wa karibu. Kondoo, bata bukini, kitani na masanduku ya mashuka ni vya mwanamke. Chakula kilichomo stoo kinakatwa nusu kwa nusu, na kama marehemu hakuacha mtoto, nyumba na mashamba ni vya ndugu yake. Mimi nimewaona watu wakiangua kilio kaburini, na mwezi mmoja baadaye watu walewale wanavutana paja la nguruwe, huyu kashika mguu, yule kashika mfupa. Ukiyaona hayo mara mbili tatu, huwaamini tena wanaolia sana.

"Mapaja ya kukausha ni kumi na moja," Balthasar alisema akitoka stoo. "Oktoba yalikuwa kumi na manne."

"Watu wa mazishi walikula."

"Walikula mapaja matatu? Walikuja kuzika au walikuja kulima?"

Mchungaji Zacharias, aliyeitwa kuwa shahidi, alikohoa akatazama dirishani. Naye alikuwa kati ya waliokula. Kwenye benchi la ukutani, Sidonie, mke wa Balthasar, alikuwa akikunjua mashuka ya Ottilie moja moja, akiyainua kwenye mwanga kutafuta viraka. Mashuka hayakuwa yake na hayangekuwa yake. Aliyakagua tu kwa sababu mumewe alimwambia ayakague.

"Kabla hamjaendelea," Ottilie alisema, "nina neno." Alifungua shali yake nyeusi, akaiacha ianguke mabegani. "Nina mimba. Naisema leo mbele ya mchungaji, maana leo ndiyo siku ya mwisho ya kuisema."

Balthasar alimtazama, akautazama mto aliokuwa ameukumbatia, kisha akacheka. "Miaka sita ya ndoa hatujasikia hata kikohozi cha mtoto humu ndani. Kaka yangu kafukiwa juzi tu, leo mimba! Shemeji, kama hicho ni mto mwingine umefunga huko ndani, nao naudai. Mito yote ni yangu."

"Ni ya mwezi wa nne."

"Ya nani?"

"Bwana Balthasar!" mchungaji alisema.

"Nauliza tu, mchungaji. Kuuliza kumekuwa dhambi?" Akamgeukia mkewe. "Sidonie. Nenda naye kaangalie."

Basi binti wa watu, mwenye nyumba yake, akaingizwa stoo katikati ya mapaja yanayoning'inia, akavuliwa nguo za juu na kuguswaguswa kwa mikono ya baridi. Ottilie aliuma mdomo asilie. Nje, Balthasar alizungukazunguka akipigapiga mto kwa kiganja. Sidonie alipotoka alikuwa anajifuta mikono kwenye aproni.

"Kuna kitu," alisema.

"Kitu gani?"

"Kigumu. Na si mto."

"Hata shibe inakuwa ngumu," Balthasar alisema, lakini kicheko kilikuwa kimemkauka.

Mchungaji ndiye aliyeikumbusha sheria, ingawa pale ndani hakuwepo asiyeijua. Mtoto akizaliwa hai, hata kama ni kwa muda wa kusali sala moja, akalia, na kuta nne za nyumba zikamsikia, basi ni mtu na mrithi wa baba yake. Akifa baadaye, urithi wake unamwendea mama. Lakini lazima wanaume wanne waape kwamba walimsikia, na wanawake wawili waape kwamba walimpokea. Asiposikika, ni kama hakuwahi kuwepo, na mjane ataondoka na kondoo na mabata wake akatafute pa kulala. Ottilie alikuwa na kaka mmoja mjini, na kaka huyo alikuwa na nafasi moja tu, nyuma ya jiko.

"Sawa," Balthasar alisema. "Sheria naiheshimu. Ila nyumba nailinda mimi. Sitaki kuletewa mtoto wa kuazima ndani ya kapu. Sidonie atahamia hapa mpaka siku yenyewe. Na hao wanaume wanne nitawachagua mwenyewe."

*

Alianza kazi wiki ileile. Paka wote watatu walitolewa, kwa kuwa paka anaweza kulia kama mtoto. Mbuzi waliohamishiwa karibu na jiko kwa ajili ya baridi walirudishwa mbali kule bondeni. Milango ya nyuma ilipigiliwa misumari, isipokuwa mmoja wa ujia mwembamba unaopita nyuma ya chumba cha kulala, ambao ufunguo wake aliweka mfukoni mwake mwenyewe. Kisha akaagiza kuta zote zipakwe chokaa.

"Kuna haja gani ya chokaa wakati huu wa baridi?" Ottilie aliuliza.

"Nyumba za zamani zina matundu, shemeji. Mtu akipenya mahali na kapu lake, ataacha alama. Chokaa haina rafiki."

Tena alinunua ile ya bei ndogo, isiyoshika vizuri. Kila aliyeegemea ukuta aliondoka na mgongo mweupe. Fundi aliipaka vyumbani mara moja na ule ujia mara mbili, na Jumapili baada ya ibada Balthasar alikuwa anakuja kuzikagua kuta kwa taa kama daktari anavyomkagua mgonjwa koo.

Sidonie alihamia na sanduku moja na ufunguo wa chumba shingoni. Alilala chumba kimoja na Ottilie. Kila Jumamosi alimsimamisha mbele ya jiko na shimizi tu mwilini.

"Geuka."

"Nimegeuka."

"Inua mikono."

"Si ungenipima na kamba kabisa?"

"Kamba ninayo," Sidonie alisema, na kweli aliitoa. Ilikuwa kamba ya kitani. Aliizungusha tumboni, akafunga fundo mahali ilipofika. Jumamosi ya pili akafunga fundo jingine, mbele kidogo ya lile la kwanza.

Kwenye chakula nako ilikuwa vita. Mama Walpurga, mkunga wa kijiji, alikuwa amemnong'oneza Ottilie asile kitu kilichopita mikononi mwa watu wa shemeji yake, maana kuna majani yanayotoa mimba na hayana ladha yoyote. Balthasar naye alikuwa amemwambia mkewe asile kitu kwenye nyumba ile kabla mwenye nyumba hajaonja.

"Anza wewe, dada," Ottilie alisema, supu ya bia ikifuka moshi mbele yao.

"Anza wewe. Ni kwako."

"Mimi sina haraka."

"Na mimi sina njaa."

Supu ilipoa mpaka ikafanya ngozi. Siku ya tatu walibadilishana bakuli. Siku ya sita walibadilishana mara mbili, wakasahau lipi lilikuwa la nani, na Ottilie akashindwa kuzuia kicheko. Ilipofika Februari walikuwa wanakula bakuli moja, vijiko viwili, macho kila mmoja kwenye kijiko cha mwenzake. Mtu angepita dirishani angesema wanawake hawa wanapendana sana. Hakuna aliyempenda mwenzake, lakini kula pamoja kila siku kuna mambo yake.

Balthasar alikuwa anambana mkewe ngazini.

"Tumbo limekua?"

"Limekua."

"Umeona kwa macho yako?"

"Nimeona na nimeshika. Linapiga mateke, Balthasar."

"Usije ukamzoea tu. Nakujua mimi. Ukiona mtoto akili inakuhama."

Sidonie alirudi chumbani, akaketi kusokota nyuzi.

Mchana mmoja Ottilie aliiokota ile kamba ilipoanguka sakafuni. Akaipitisha vidoleni. Upande mmoja yalikuwepo mafundo yake mwenyewe, meupe bado. Upande wa pili yalikuwepo mengine, meusi kwa uzee, yaliyokazwa sana.

"Haya ya huku ni ya nani?"

"Nipe kamba yangu."

"Ni ya nani, dada?"

Sidonie alisokota uzi mrefu kabla hajajibu. "Ni yangu. Mwaka jeshi la Waswidi lilipopita mara ya mwisho. Mkunga alikimbilia msituni na watu wote. Tulibaki mimi na Balthasar, mimi ndani, yeye nje ya mlango na bunduki. Mtoto alikuwa wa kiume. Nilimsikia. Alifanya hivi." Alifungua mdomo ajaribu ile sauti, ikakataa kutoka. "Balthasar alisema ni homa yangu tu. Alisema yeye hakusikia kitu. Akamchukua, akamfukia nje ya ukuta wa makaburi, kule wanakofukiwa wasio na jina."

"Labda kweli hakusikia."

"Labda." Uzi ulikatika, akauunga kwa mate. "Marehemu baba yangu alikuwa ameandika kinu chake cha maji kiwe cha mtoto wangu wa kwanza. Mtoto angesikika, kinu kingekuwa chake, akishafariki ni changu. Hakusikika, kikabaki mkononi mwa mume. Alikiuza kabla ya mavuno."

Ottilie alimtazama, kamba ingali mkononi. "Miaka kumi na moja umelala na jambo hilo kitanda kimoja?"

"Jambo gani? Mimi sijasema jambo. Mimi ni mke wa mtu." Akanyoosha mkono akachukua kamba yake.

Jumamosi iliyofuata alimpima Ottilie kama kawaida. Ila safari hii alipasha mikono moto jikoni kwanza.

*

Uchungu ulianza asubuhi moja ya Machi, mwezi mzima kabla ya wakati, theluji ikiyeyuka na kudondoka kwenye paa. Balthasar alifika na wanaume wake wanne kabla maji hayajachemka: Asmus mfua vyuma, msaga unga, mpiga kengele wa kanisa, na Lorenz, msimamizi wa mashamba yake mwenyewe. Aliwaketisha barazani nje ya chumba, mlango ukiwa umefungwa kwa ndani na Sidonie. Halafu akatoka uani akaamuru nguruwe achinjwe.

"Leo?" Asmus aliuliza. "Bwana mkubwa, nguruwe wa Machi hata mafuta hana."

"Nusu ya chakula cha nyumba hii si yangu? Basi nachinja nusu yangu."

"Chini ya dirisha hili hili?"

"Hapo pana maji."

Asmus aliwatazama wenzake. Msaga unga alikuna kichwa. Kuna mambo mtu anaona wazi kabisa, na kwa kuwa anayeyafanya ndiye anayempa kazi, anayapa jina jingine. Mpiga kengele alisema labda bwana ana hamu ya soseji.

Mchinjaji aliambiwa asiwe na haraka. Nguruwe yule alipiga kelele nyumba nzima ikatetemeka. Alipiga kelele alipokamatwa, alipolazwa, na alipofungwa miguu, akaachwa pale amefungwa huku mchinjaji ananoa kisu kilichokwisha kunolewa. Wale wanne barazani walisogeza masikio mlangoni, wakasikia nguruwe.

Balthasar alisema anakwenda kuangalia farasi. Hakwenda kwa farasi. Kwa wale wanaume hakuwa na hofu. Nguruwe alikuwa amewamaliza. Aliyekuwa akimnyima usingizi ni mkewe. Wiki nzima alikuwa akimwona Sidonie akimwekea Ottilie mto mgongoni, na ameanza kumwita kwa jina badala ya "yule mwanamke." Nani ajuaye wanawake wanapanga nini wakifungiana? Akatoa ufunguo mfukoni, akaingia kwenye ule ujia wa nyuma, akatembea kwa ncha za vidole mpaka nyuma ya kitanda, akabandika sikio ukutani.

Ndani, mtoto alikuwa ametoka. Mdogo, wa bluu, mikono imelegea.

"Vipi?" Ottilie aliuliza. "Mbona kimya? Mama Walpurga, mbona kimya?"

"Subiri, mama."

"Nisubiri nini? Ni nguruwe tu namsikia!"

Mama Walpurga alimpiga mtoto nyayo. Akamsugua mgongo. Akatikisa kichwa. Hapo Sidonie aliacha kona aliyowekwa kulinda, akamnyakua mtoto kutoka mikononi mwa mkunga. Alimfuta kamasi kwa kidole, akamsugua kifua kwa mvinyo, akampulizia mdomoni taratibu, akampulizia tena. Nywele zilikuwa zimemfunguka, ufunguo ukimgonga kifuani.

"Lia, bwana mdogo," alisema. "Lia nakuomba. Lia wakusikie, mbwa hawa. Lia!"

Mtoto alilia. Kilio cha kwanza kilimezwa na nguruwe. Kisha mchinjaji akachoka kusubiri, kisu kikapita, uani kukanyamaza ghafla, na katika ule ukimya mtoto akalia mara ya pili, chembamba, lakini kilio kamili cha mtu aliyekasirika.

Ottilie alimpokea. Mama Walpurga alichovya mkono kwenye beseni akambatiza palepale kwa jina la baba yake, Joachim, maana aliona mtoto hatadumu. Mtoto alimshika mama yake kidole. Alikaa hivyo muda mfupi sana. Maji ya beseni yalikuwa bado ya vuguvugu alipoacha kupumua, na mayowe ya Ottilie yalisikika mpaka kijijini. Hayo hakuna aliyehitaji kuyaapia.

Sidonie alifungua mlango. Balthasar alikuwa wa kwanza kuingia, akiwapita wale wanne, akihema.

"Mimi sijasikia kitu," alisema.

Hakuna aliyekuwa amemwuliza. Sidonie alimtazama. Bega la koti lake la kushoto lilikuwa jeupe, na sikio la kushoto, kuanzia juu mpaka kwenye ndewe, lilikuwa jeupe pepepe.

Alimchukulia taulo kwenye msumari, ile taulo ya upande wa kiume, akampa. "Una chokaa sikioni," alisema, na kumwacha amesimama.

*

"Utasema mtoto hakulia," Balthasar alimwambia siku iliyofuata. Walikuwa wawili tu kando ya jiko la chini.

"Nitasema nitakachoulizwa."

"Maneno ya wanawake wawili bila wanaume wanne ni kelele tu, unajua hivyo. Lorenz hatasema alisikia. Lakini sitaki mke wangu aonekane upande mmoja na yule." Akalainisha sauti. "Chumba chenye dirisha la mashariki nitakupa wewe. Si ulikuwa unakipenda?"

"Ni chumba alichofia mtoto."

"Mtoto hakufa, Sidonie. Asiyezaliwa hai hafi."

Sidonie aliukoroga moto kwa kijiti muda mrefu. Maneno yale aliwahi kuyasikia, neno kwa neno, kutoka kwa mdomo uleule.

Hakimu alifika kutoka mjini siku ya tatu, mzee mwenye mafua, miguu yake ikiwekewa tofali la moto chini ya meza. Mtoto alikuwa bado hajazikwa. Mchungaji alikuwa anasubiri kuambiwa azikwe ndani ya ukuta wa makaburi au nje yake. Ottilie aliketi kwenye kiti kisicho na mto, nguo zake zimelowa maziwa mbele, na hakujali nani anaona.

Mama Walpurga aliapa. Sidonie aliapa: alizaliwa hai, alilia mara mbili, alibatizwa, akafa. Balthasar alikuwa akiitazama dari.

Kisha wanaume, kila mmoja na vidole vitatu juu.

"Nilisikia," alisema msaga unga.

"Nilisikia, mara moja, nguruwe alipokwisha," alisema mpiga kengele.

"Mimi kazi yangu ni kelele," alisema Asmus. "Nguruwe namjua. Yule hakuwa nguruwe. Nilisikia."

Lorenz alinyoosha vidole kidogo kuliko wenzake. "Mimi nilisikia nguruwe."

"Baada ya nguruwe?"

"Nilisikia nguruwe, mheshimiwa."

Hakimu alipenga kamasi. "Basi ni watatu. Sheria inataka wanne." Akamgeukia Ottilie, na naamini alisikitika kweli, ila masikitiko hayakumzuia kukunja karatasi. "Bibi, pole sana."

"Nasema mbele yenu alinishika kidole," Ottilie alisema. "Alinishika hapa."

"Shemeji, usijitese," Balthasar alisema. Alikuwa tayari amesimama. "Kondoo wako utawapata wote, sitapunguza hata mmoja. Lorenz, mwambie mwendesha farasi alete gari la kubebea masanduku."

"Yupo mwingine," Sidonie alisema.

Balthasar alisimama hapohapo alipokuwa.

"Mwingine nani?" hakimu aliuliza.

"Mwanamume wa tano. Alikuwa nyuma ya ukuta, kwenye ujia wa nyuma. Mlango wa ujia una ufunguo mmoja, na aliyenao yumo humu ndani. Nendeni mkautazame ukuta, hajautia chokaa tena, hakupata nafasi. Aliyekuwa anasema mtu akipita ataacha alama alisema kweli."

"Huyu mwanamke ana homa," Balthasar alisema.

"Ndiyo," Sidonie alisema. "Mimi homa hunishika kila mtoto anapolia."

Hakimu alikwenda mwenyewe, na mafua yake, taa ikishikwa na mchungaji. Balthasar aliombwa ufunguo mbele ya watu, akautoa. Hawakukawia. Nyuma ya kitanda cha Ottilie chokaa ilikuwa imekwanguka mahali pawili: chini palipana, saizi ya bega, na juu kidogo doa la mviringo. Mchungaji alijaribu kusimama pale, akaona ni mfupi. Asmus naye alikuwa mfupi. Hakukuwa na haja ya kujaribu wa tatu. Waliporudi, macho yote yalimtazama mwenye urefu ule.

"Inua vidole," hakimu alisema.

Nisimsingizie Balthasar. Mtu anaweza kumwibia mjane, akamchinja nguruwe polepole, akamzika mtoto bila jina, na bado akaogopa kuapa uongo kwa vidole vitatu. Tumefundishwa tangu utotoni kwamba kimoja ni cha Baba, kimoja cha Mwana, kimoja cha Roho, na kwamba mkono wa anayedanganya hivyo hautaoza kaburini, utatoka nje ya udongo watu wote wauone. Aliinua vidole.

"Ulikuwa pale?"

"Nilikuwa."

"Ulisikia nguruwe, au ulisikia mtoto?"

Kuni zilikuwa zinapasukapasuka jikoni. Lorenz aliinamisha kichwa. Balthasar alimtazama mkewe, labda akitafuta huruma, nao uso wa Sidonie ulikuwa umetulia tu, unasubiri kama wengine.

"Mtoto," alisema. "Nilisikia mtoto."

"Mara ngapi?"

"Mbili."

"Wanne," hakimu alisema, akafungua tena karatasi aliyoikunja. "Joachim von Lobenitz, mwana wa Joachim, alizaliwa hai, akasikiwa, akafa. Vyote vya baba yake vilikuwa vyake. Vyote vyake ni vya mama yake."

Ottilie hakutazama kuta wala dari vilivyokuwa vimerudi kuwa vyake. Alijifunika uso kwa shali. "Basi alikuwepo," alisema humo ndani ya shali. "Mwanangu alikuwepo."

Balthasar alianza kushusha mkono.

"Mheshimiwa, asishushe vidole," Sidonie alisema. "Nina swali moja. Si la nyumba hii, ni langu mwenyewe. Halihitaji kuandikwa."

Hakimu alisita. Haikuwa kawaida. Lakini alikuwa mzee, amechoka, na alikuwa amekwisha kuuona ule ukuta. Akapunga mkono: uliza.

Sidonie alisogea mpaka mbele ya mumewe, karibu kabisa, kamba yake ya mafundo imezungushwa kiganjani.

"Na wetu, Balthasar? Mwaka wa Waswidi. Ulikuwa nje ya mlango. Ulimsikia?"

Balthasar aliitazama ile kamba. Kisha aliteremsha vidole vyote vitatu kwa pamoja, upesi, akauficha mkono nyuma ya mgongo.

"Hapana," alisema.

Sidonie alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyejibiwa vizuri. Alivua ufunguo shingoni, akauweka mapajani mwa Ottilie. Halafu akamgeukia mchungaji, aliyekuwa ameshika kitabu cha mazishi tayari kwa ajili ya mtoto wa pale.

"Andika wawili, mchungaji. Wa kwangu anaitwa Martin."

"Bibi Sidonie, imepita miaka kumi na moja. Nitaandika kwa ushahidi gani?"

"Ule," Sidonie alisema, akaonyesha ule mkono uliojificha nyuma ya mgongo wa mumewe.

Watu wote waligeuka wakautazama. Balthasar hakuutoa. Mchungaji Zacharias aliomba apewe wino.